Namna ya Kukagua Uzio wa Malishoni ili Wanyamapori Wapate Njia: Somo kutoka Tambarare za Athi-Kaputiei

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, na upande wa kusini, ambako mto ndio mpaka, haikuzungushiwa uzio. Nyumbu walikuwa wakiingia hifadhini wakati wa kiangazi kufuata maji ya kudumu, na mvua zikinyesha wakavuka mto kwenda kuzalia katika tambarare za Athi-Kaputiei, yaani Kitengela, Isinya na kwingineko Kajiado. Mwaka 1978 walikadiriwa kuwa zaidi ya 25,000. Ilipofika 2011 walikuwa hawafiki 3,000. Makazi, machimbo ya mawe na ujangili vimechangia, lakini jambo ambalo kikundi cha wafugaji chenye daftari na futikamba kinaweza kulishughulikia ni uzio.

Hatua ya kwanza ni ruhusa, nayo ndiyo huchukua muda mrefu kuliko zote. Tangu ranchi za kikundi zilipoanza kugawanywa, sehemu kubwa ya ardhi hii ina hatimiliki za watu binafsi, na mwenye shamba anapowaona wageni wakipima seng'enge yake, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mgogoro wa mpaka. Nendeni na mzee anayefahamika, mkaeleze mapema kwamba hampimi ardhi bali mnapima waya. Wala msivae vizibao vinavyong'aa kama vya wapima ardhi. Vyetu vilitugharimu siku mbili za maelezo.

Hatua ya pili ni kuchora rasimu kwa picha za setilaiti. Waya wenyewe hauonekani, lakini mstari wake huonekana: nyasi za upande mmoja zimeliwa na za upande wa pili zimesimama, au njia ya mifugo imenyooka mahali ambapo kwa kawaida ingepinda. Chapisheni rasimu hiyo kwenye karatasi, kwa maana simu huzimika.

Hatua ya tatu ni kutembea kando ya uzio wenyewe. Kila mahali ambapo uzio unabadilika, kwa mfano kutoka seng'enge kuwa wavu wa waya, ua wa kayaba au ukuta wa mawe, anzeni kipande kipya na mkipe namba yake. Kwa kila kipande andikeni aina, idadi ya mistari ya waya, kimo cha waya wa juu, kimo cha waya wa chini, kama waya wa chini una miiba, na kama kuna umeme. Vimo vipimwe katikati ya nguzo mbili, si kwenye nguzo, kwa sababu waya hulegea katikati na mnyama hapiti kwenye nguzo. Kisha inameni mwangalie miiba yenyewe. Manyoya mafupi ya rangi ya mchanga kwenye waya wa chini ni dalili kwamba swala amejipenyeza hapo. Singa nyeusi zilizonaswa juu zaidi, pamoja na nguzo iliyoinama, huenda ni za nyumbu aliyesukuma. Pigeni picha mkiweka futikamba ndani ya picha.

Hatua ya nne ndiyo ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kazi nzima: kuorodhesha mapengo kwa uangalifu uleule wa kuorodhesha waya. Katika ukaguzi wangu wa kwanza niliandika kipande kizima kuwa "kimefungwa", mpaka kijana mmoja mchungaji akanionyesha mahali ambapo uzio ulivuka korongo, waya ukaning'inia karibu kimo cha kifua changu, na mchanga wa chini ukawa umejaa kwato. Andikeni basi makorongo, mageti pamoja na saa yanazofunguliwa, nguzo zilizoanguka, na mashimo yaliyochimbwa chini ya waya. Hapohapo tafuteni mitego ya nyaya, kwa sababu jangili naye anajua mnyama atapitia wapi.

Baada ya hapo pangeni vipande kulingana na mnyama. Swala tomi hupita chini, pofu huruka licha ya uzito wake, ilhali nyumbu na punda milia huhitaji uwazi halisi. Katika majimbo ya Montana na Wyoming nchini Marekani, ambako wanyama wanaofanana na swala, waitwao pronghorn, hupendelea kupita chini ya waya, wafugaji hushauriwa kuacha waya wa chini uwe laini na uwe angalau sentimita 40 kutoka ardhini. Kipimo hicho kinaweza kumsaidia swala tomi. Kwa nyumbu hakitoshi.

Mwisho, rudini kwa mwenye shamba na ramani kabla ya kuipeleka kwa mtu mwingine yeyote. Majina yahifadhiwe mbali na ramani, na mahali hasa pa mapengo pasitangazwe hadharani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Isinya: Mwalimu, mimi nimeweka uzio kwa ajili ya simba. Nikiufungua, ng'ombe wangu watalindwa na nani?*

Ng'ombe huvamiwa zaidi usiku wakiwa bomani, kwa hiyo boma ndilo la kuimarishwa. Wavu wa waya kuzunguka boma ni gharama ndogo kuliko seng'enge kuzunguka ekari 60, tena haumzuii nyumbu. Wengine Kitengela wameongeza taa za kumetameta, alizobuni Richard Turere akiwa bado mtoto.

*Mwanachama wa Monduli, Tanzania: Kwetu seng'enge ni chache, kuna mashamba na ua wa miiba. Somo hili latuhusu?*

Linawahusu, ila mbadilishe fomu. Katika ushoroba (njia ya wanyamapori) wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, kilimo na makazi huziba njia bila waya wowote. Shamba lililolimwa liandikwe kama kizuizi, pamoja na miezi ambayo mazao yamo.

*Mwanachama wa Kitengela: Mwenye shamba anapata nini kwa kuacha wazi?*

Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi hapa kwa ekari kila mwaka, kwa sharti la kutozungushia uzio wala kuuza vipandevipande. Ulisaidia, ingawa malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya ploti. Ndiyo maana mimi huanza na ombi dogo: geti moja, upande wa njia ya nyumbu, liachwe wazi usiku wakati mifugo imo bomani.

*Mwanachama wa Isinya: Na geti hilo tutajuaje kama linatumika?*

Fagieni vumbi getini jioni, mkasome kwato asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka.