Somo: Kubadilisha tyubu za priampu kwenye amplifaya ya gitaa, hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "amplifaya yangu inapasua sauti mapema mno, niiuze?" limekuja mara nyingi mpaka nimeona bora niliandikie somo zima. Usiuze. Badilisha tyubu kwanza, yaani vile vioo vinavyowaka ndani ya amplifaya na kukuza sauti. Tena moja, si zote.

Hiyo "moja" ilinigharimu usiku mzima kuijua. Niliagiza tyubu nne mpya, nikazichomeka zote kwa mkupuo. Sauti ikabadilika kweli, ila kwa ubaya: ikawa nyembamba, na nyuma yake kuna mchakacho kama mtu anakanyaga majani makavu. Ipi ina kosa? Sikujua. Nikarudi kuzichomoa moja moja, kumbe moja ilikuwa mbovu tangu kwenye boksi.

Tunazungumzia tyubu ndogo za priampu tu, yaani sehemu ya mwanzo inayokuza sauti dhaifu ya gitaa, familia ya 12AX7. Zile kubwa za pawa zinazosukuma spika, kama EL34 na 6L6, zina mambo yao ya bayasi, yaani kurekebisha umeme unaopita ndani yake. Leo tuziache.

Kwanza ujue unashika nini. 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83, ina uwezo wa kukuza wa 100. Ndiyo iliyojaa kwenye amplifaya nyingi. Inafuata 5751 yenye 70, halafu 12AT7 (yaani ECC81) yenye 60, 12AY7 yenye kama 44, na mwisho 12AU7 (ECC82) inayokaribia 20. Zote zinaingia soketi ile ile na mpangilio wa pini ni mmoja, ndiyo maana mchezo huu unawezekana.

Namba hizo hazikuambii tyubu nzuri na mbaya. Zinakuambia msukumo. Tyubu ya kwanza ikisukuma kidogo, inayofuata haizidiwi, na sauti inabaki safi hata ukifungua volyumu. Mfano ninaoupenda: Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, toleo la 5F6-A, ilitoka kiwandani na 12AY7 mahali pa kwanza. Marshall alipotengeneza JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifuata karibu mchoro ule ule, lakini pale pa kwanza akaweka ECC83. Kutoka 44 mpaka 100! Spika na transfoma nazo zilitofautiana, sikatai, ila tofauti hiyo ya tyubu utaisikia hata ukiwa umelala.

Hatua ya 1: Zima, chomoa, subiri. Zima amplifaya, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri dakika 20 vioo vipoe. Kazi hii haihitaji kufungua chesisi, lile sanduku la chuma lenye saketi, na usiifungue. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na volti 400 na zaidi hata umeme ukiwa umechomolewa. Hizo si za kujifunzia. Waya wa spika uache mahali pake.

Hatua ya 2: Itafute V1. Hii ndiyo tyubu ya kwanza kupokea gitaa, na ndiyo inayobadilisha sauti kuliko nyingine. Kwa kawaida ndiyo iliyo karibu zaidi na jeki ya gitaa, mbali na tyubu za pawa. Angalia pia karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, nyingi huwa na mchoro. Kama bado una shaka, kabla ya kuzima pale hatua ya 1, fungua volyumu kiasi na ugonge kila kioo polepole kwa penseli ya mbao. Inayosikika zaidi kwenye spika ndiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kuichomoa. Kama ina kikopo cha chuma, kibonyeze, kizungushe kidogo kushoto, kitatoka. Sasa shika kioo karibu na chini, vuta ukikitikisa kwa kuduara, mduara mdogo sana, kama unavyotoa kizibo kilichokaza. Usiipinde upande mmoja. Utasikia pini zikiachia soketi taratibu.

Hatua ya 4: Kuichomeka mpya. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Geuza tyubu uangalie chini: pini 9 zimepangwa duara, lakini kati ya mbili kuna pengo kubwa. Soketi nayo ina pengo. Yakutanishe. Ukiwa umejikunja nyuma ya kabati na huoni vizuri, washa tochi ya simu, usibahatishe kwa vidole. Pini zikikaa sawasawa zitaingia kwa kusukuma kwa nguvu ya kiasi. Zikigoma, usilazimishe, toa uangalie upya.

Hatua ya 5: Washa, subiri dakika moja, piga.

Hatua ya 6: Sikiliza kwa haki. Sauti kubwa hudanganya sikio. Ukitoa 12AX7 na kuweka 12AY7 bila kugusa kitu, utasema "imepoa, sitaki". Hapana. Ongeza volyumu mpaka ukubwa wa sauti ulingane na ule wa mwanzo, ndipo uhukumu. Mimi hurekodi kipande kile kile kwa simu, simu ikiwa mahali pale pale, kisha nasikiliza kesho yake. Na upige kwa sauti utakayoitumia na bendi. Uamuzi wa chumbani usiku ukiwa umebana volyumu haufai kitu.

Kwa sikio langu, 5751 ni hatua ndogo salama: geini (kiasi cha kukuza) inapungua kidogo, tabia inabaki. 12AY7 ndiyo chaguo langu kwa anayetaka sauti safi yenye joto. 12AT7 kwenye V1 naiona ngumu, haina utamu, ingawa wapo wanaoipenda kwa midundo mikavu. 12AU7 pale mbele mara nyingi inazidisha upole. Na kununua 12AX7 tano za viwanda tofauti ukitafuta muujiza? Tofauti ipo, ila ni ndogo ukilinganisha na kubadilisha aina yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikibadilisha hizi lazima nimpelekee fundi aweke bayasi?
Hapana. Karibu priampu zote hizi zinajirekebisha zenyewe. Bayasi ni habari ya zile kubwa za pawa.

Asante kwa somo. Nimebadilisha V1 kama ulivyosema na sijasikia tofauti yoyote. Nina Twin Reverb, napiga kwenye chaneli ya Vibrato.
Kosa ni langu, nilipaswa kulisema. Kwenye Fender za aina hiyo V1 ni ya chaneli ya Normal. Vibrato inaanzia V2. Rudisha V1 kama ilivyokuwa, ufanye kazi kwenye V2.

Riverbu yangu, ule mwangwi, inafurika hata nikiiweka kwenye 2. Kuna tyubu ya hiyo?
Ipo. Amplifaya nyingi za Fender zina 12AT7 inayoendesha springi za riverbu. Weka 12AU7 mahali pake, nobu itaanza kukutii.

Nimewasha tu, tyubu moja ikamweka mweupe kama balbu halafu ikatulia. Nimeiunguza?
Hujaiunguza. Baadhi ya ECC83 hufanya hivyo hita zikiwa bado baridi. Ya kuogopa ni ile ambayo doa lake la fedha ndani ya kioo limegeuka jeupe kama maziwa. Hiyo imeingiza hewa, itupe.

Kaka, tangu niweke mpya kuna mlio "ngiii" nikizidisha geini, hata mkono sijaweka kwenye nyuzi.
Igonge kwa penseli. Kama inalia kengele kwenye spika, tyubu hiyo imegeuka kuwa maikrofoni. Si lazima uitupe. Ihamishie mahali pa nyuma zaidi, mfano kwenye ile inayogawa sauti kwa tyubu za pawa, ambayo mafundi huiita feizi inveta. Huko mara nyingi hutulia. Kama amplifaya yako ina spika ndani ya kabati lile lile, tatizo hili litakusumbua zaidi kwa sababu ya mtikisiko.

Nina tyubu ya ziada imeandikwa EL84. Nayo ina pini 9 na inaonekana itaingia. Niijaribu V1?
Usithubutu! Kuingia itaingia, lakini hiyo ni ya pawa, ndiyo wanayotumia Vox kwenye AC30. Pini zake zina kazi nyingine kabisa. Hali kadhalika EF86. Soma maandishi, usiangalie idadi ya pini.

Amplifaya yangu ina tyubu moja tu, kwingine kote ni transista. Inafaa?
Inategemea mchoro. Kwenye nyingine tyubu hiyo inafanya kazi kweli, kwenye nyingine imewekwa ili iwake. Jaribu kwa 5751 ya kuazima kabla hujanunua.

Nimefika hatua ya 4 nikapinda pini moja. Nifanyeje?
Inyooshe kwa koleo nyembamba, kidogo kidogo, ukishika pini katikati na si pale inapotokea kwenye kioo. Ukisikia "tik", simama uangalie kama kuna ufa. Kisha iache usiku mmoja kabla ya kuichomeka. Kama asubuhi lile doa la fedha limeshageuka jeupe, basi tena.