Kikaango cha seramiki: moto mdogo, mafuta kidogo, kukiosha kila mara

Kikaango changu cha kwanza cha seramiki kilidumu miezi minne tu. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilikuwa nakitunza kama yai: mwiko wa mbao, sifongo laini, chuma hakikigusi. Lakini mayai yakaanza kushika katikati, halafu pande zote, mpaka ikawa kila asubuhi nayabandua vipande vipande. Nikasema basi, nimeuziwa kitu kibovu.

Siku moja nilikipeleka dirishani, nikakiinamisha kwenye mwanga. Katikati palikuwa na doa pana la rangi ya asali, jembamba mno, huwezi kuliona ukiwa umekitazama kwa juu. Nikapitisha kidole. Pembeni kiliteleza, pale kwenye doa kikakwama. Utando wa seramiki ulikuwa mzima. Nilichokuwa nakigusa ni mafuta yaliyoungua yakaganda, tabaka juu ya tabaka, tangu siku nilipokinunua.

Nilichonacho sasa kimeingia mwaka wa tatu, na yai bado linateleza. Nilichobadilisha ni moto na namna ya kuosha.

Kwanza ujue ulichoshika mkononi. Jina la seramiki linatufanya tufikirie chungu, lakini mwili wa kikaango hiki mara nyingi ni alumini. Juu yake umepakwa utando mwembamba unaotokana na silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Hupakwa ukiwa majimaji, kisha hupitishwa kwenye joto kali ukawa mgumu. Vile vikaango vingine visivyoshika vina utando wa PTFE, plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Teflon. PTFE ikipita nyuzi joto 260 hivi huanza kuharibika, na moto ukizidi zaidi hutoa moshi unaodhuru. Seramiki haina plastiki hiyo, na inastahimili joto kubwa zaidi. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Tukisikia inastahimili joto, tunafungulia moto wote. Utando unastahimili kweli. Mafuta yaliyo juu yake hayastahimili. Siagi huanza kuungua kabla hata ya kufika nyuzi 180.

Kikiwa kipya, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukikaushe, basi. Usikichome na mafuta kama tunavyofanya kwa kikaango cha chuma. Kwenye chuma lile tabaka la mafuta yaliyokauka ndilo linalozuia chakula kushika. Kwenye seramiki tabaka hilo hilo ndilo linaloua utelezi.

Sasa tukaange yai, maana ukiweza yai umeweza vyote. Kibandike jikoni kwenye moto mdogo au wa wastani. Kama ni gesi, ndimi za moto zisivuke kitako cha kikaango. Subiri kama dakika moja na nusu, bila kuondoka. Alumini hushika joto upesi, na kikaango kitupu kilichosahaulika jikoni huumia kwa dakika chache tu. Chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja. Likitulia kimya, bado. Likichemka papo hapo na kukauka, tayari. Likijiviringisha na kukimbia huku na huku kama ushanga, moto umezidi: epua, acha kipoe kidogo, anza upya. Usijaribu kuokoa hali kwa kumimina mafuta, yataungua hapo hapo.

Tia mafuta nusu kijiko cha chai, uyasambaze kwa brashi au kitambaa safi. Watu husema kikaango kisichoshika hakihitaji mafuta. Mimi siwafuati. Mafuta kidogo husaidia joto kukifikia chakula sawasawa, na yai hutoka na sura nzuri. Mafuta ya kupuliza kwenye kopo yaache kabisa. Mengi yana lesithini, na hiyo hubaki kama gundi ambayo sabuni ya kawaida haiitoi. Ukipenda siagi, itazame povu lake. Likitoka polepole, joto ni sahihi. Ikigeuka kahawia mara tu inapogusa kikaango, punguza moto.

Vunja yai, halafu uliache. Hili ndilo gumu kwa wenye haraka. Ukingo wa yai ukishaganda na kuwa mweupe, tikisa mpini. Likisogea lenyewe, liko tayari kugeuzwa. Lisiposogea, sekunde ishirini zaidi zinatosha. Tumia mwiko wa mbao au wa silikoni. Wapo wanaosema vijiko vya chuma havina neno kwenye seramiki. Mimi sitaki kujaribu kwenye changu.

Nyama inayotaka moto mkali ili ipate ganda la kahawia, ikaangie kwenye kikaango cha chuma. Kila chombo kina kazi yake.

Ukimaliza, usikiingize chini ya bomba kikiwa cha moto. Ule mlio unaousikia ni wa kikaango kinachoteseka: alumini na utando havitanuki wala kunywea kwa kiasi kimoja, nyufa ndogo zisizoonekana huanzia hapo, na kitako nacho hupinda kikawa kinacheza jikoni. Kiache mpaka uweze kukigusa. Kisha maji ya vuguvugu, sabuni ya maji, sifongo laini, kila unapokitumia, hata kama kinaonekana safi. Kukipangusa kwa karatasi peke yake ndiko kulikonifikisha kwenye lile doa la asali. Suuza, kisha pitisha kidole kilicholowa: kikilia mkwi, mafuta yametoka. Kikiteleza kwa ulaini wa mafuta, rudia. Mashine ya kuoshea vyombo usiitumie hata kama boksi limeandikwa kuwa inafaa, kwa sababu sabuni yake ni kali na huchosha utando. Stilwaya isikaribie kabisa.

Kama doa limeshaingia, changanya beking soda na maji kidogo iwe uji mzito, pakaza, acha dakika kumi na tano, kisha sugua kwa kuzungusha, polepole, kwa sifongo. Doa sugu chemshia kwanza maji ndani ya kikaango kwa dakika chache, yapoe, ndipo upake. Nilipofanya hivi kwa kile cha kwanza, siku tatu mfululizo, mayai yalirudi kuteleza kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimechelewa mno, lakini nilijua kosa lilikuwa wapi.

Ukivipanga kabatini, weka kitambaa kati ya kimoja na kingine.

Hata kwa matunzo yote, utelezi wa seramiki hupungua. Ndivyo ulivyo utando huu. Ukikisafisha vizuri kwa beking soda na bado yai linashika kwenye moto mdogo, au ukiona utando unabanduka na chuma kinatokeza chini yake, kazi yake jikoni imekwisha. Nyumbani hakuna namna ya kukipaka utando upya.