SOMO: Mbwa uliyemwokoa anaharisha na kuchafua ndani? Anzia tumboni

Wengi wanaochukua mbwa aliyetelekezwa huleta malalamiko mawili: tumbo halitulii, na mbwa "hana adabu" kwa sababu anajisaidia sebuleni. Mara nyingi ni jambo moja. Utumbo mpana ukiwa na uvimbe, haja huja ghafla na mbwa hawezi kuizuia, hata kama alishafundishwa kwenda nje. Kwa hiyo tumbo kwanza, mafunzo baadaye.

Hatua ya 1: Soma kinyesi

Usikifute kabla hujakitazama. Choo kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, chenye kamasi na pengine michirizi ya damu nyekundu, huku mbwa anajikamua, kinaelekeza kwenye utumbo mpana. Msongo wa kuhamia mahali pageni peke yake unaweza kuleta hali hiyo. Choo kingi cha majimaji huku mbwa anakonda kinaelekeza kwenye utumbo mwembamba. Choo cheusi kama lami mara nyingi ni damu iliyomeng'enywa huko juu, hapo usingoje. Piga picha. Ndiyo, picha ya mavi. Daktari wa mifugo ataifurahia kuliko maelezo yako.

Hatua ya 2: Vipimo

Minyoo ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, lakini si yote. Mbwa waliofugwa wengi pamoja huambukizana jiardia, kijidudu cha seli moja ambacho dawa nyingi za minyoo hazikigusi. Hakitoki kwenye kinyesi kila siku, hivyo kipimo kimoja kikisema "hakuna", usifunge faili. Peleka sampuli za siku tatu.

Dawa za binadamu za kuzuia kuhara ziache kabatini. Loperamidi inaweza kuwa sumu kwa mbwa wa ukoo wa Collie na wengine wenye hitilafu ya jeni MDR1, na huyu wako ukoo wake huujui.

Nenda kwa daktari siku hiyohiyo ukiona fizi zimepauka, ngozi ya mgongoni ukiivuta inachelewa kurudi, au mtoto wa mbwa asiye na chanjo anatapika na kuharisha damu. Huyo wa mwisho huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na parvo huua haraka.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa ndipo huruma inapoharibu kazi. Mbwa kafika mbavu nje, basi kila mtu nyumbani anamtupia kitu: maziwa, mabaki yenye mafuta, mifupa. Mzuie kila mtu. Kama unajua alichokuwa akila, endelea nacho kwanza, kisha badilisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, nusu, robo tatu, hadi kimalizike cha zamani.

Kuhara kusiko na dalili za hatari hutulizwa na kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mifupa, sehemu moja kwa mbili za wali, bila chumvi, bila kitunguu. Gawa milo midogo 3 au 4 kwa siku. Ni chakula cha siku chache tu, maana kalsiamu yake haitoshi. Maji yawepo muda wote. Aliyekonda kupita kiasi asishibishwe ghafla. Chumvichumvi za damu zinaweza kuvurugika akafa. Kiasi chake apange daktari.

Hatua ya 4: Ratiba ya choo

Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka. Lisha saa zilezile, kisha mtoe akila, akiamka, akimaliza kucheza na kabla ya kulala. Wakati anaharisha, mtoe kila saa moja au mbili. Mfunge kamba mwende pamoja mahali palepale, na akimaliza mtuze papo hapo, si mkisharudi ndani. Mbwa aliyezoea banda la saruji anaweza kuyagomea majani. Mwanzishie kwenye saruji, umsogeze polepole.

Akichafua ndani, safisha kwa dawa yenye vimeng'enya (enzaimu, zinazovunjavunja uchafu na harufu yake). Amonia usitumie, inakaribia harufu ya mkojo. Kumsugua pua kwenye uchafu humfundisha jambo moja tu: ajifiche nyuma ya kochi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, wangu anakojoa kila nikimwinamia kumsalimia. Ni kibofu?*
Kama ni wakati huo tu, ni hofu na unyenyekevu. Usimwinamie. Chuchumaa ukiwa umempa ubavu, mwache aje mwenyewe. Akikojoa na usingizini, au akinywa maji kupita kawaida, mkojo upimwe.

*Anakula bila kushiba, ananya mlima wa choo chenye mafuta, na bado anakonda. Minyoo tumeshatibu.*
Mwombe daktari apime kongosho kwa damu. Kongosho lisipotoa vimeng'enya, chakula hupita bila kusagwa. German Shepherd hupata sana. Tiba ni unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, kwa kawaida maisha yote.

*Nikiwepo ni msafi. Nikitoka tu, anachafua.*
Tega simu imrekodi. Akianza kulia na kukwaruza mlango mara tu unapoondoka, hiyo ni hofu ya kuachwa, na ratiba ya choo haitaitibu. Mzoeze kubaki peke yake kwa dakika chache chache. Akilala vizuri kisha akachafua baada ya saa nyingi, umemwacha mno.

*Nina mtoto anayetambaa, dada. Nimrudishe mbwa?*
Hapana, mama. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki kadhaa nje ndipo yaambukize, kwa hiyo zoa kinyesi kila siku na umpe mbwa dawa kwa ratiba ya daktari. Mpaka vipimo vitoke, mtoto asitambae anapojisaidia mbwa, na mikono ioshwe kwa sabuni.