Hesabu Mbili za Maji: Ushauri wa Msimu kwa Wakulima wa Bonde la Pangani

Mwezi Mei mkulima wa tambarare za Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, anaweza kuona mahindi yake yakijikunja majani kwa ukame, huku mto unaopita pembeni ya shamba ukiwa umejaa hadi kingo. Katika Bonde la Pangani jambo hilo ni la kawaida, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yanayopita tambarare ilinyesha kwingine, na pengine ilinyesha wiki au miezi mingi iliyopita. Kwa hiyo anayelima chini ya mlima anapaswa kuwa na hesabu mbili zinazotenganishwa tangu mwanzo wa msimu: mvua inayoanguka juu ya shamba lake, na maji yanayoshuka kutoka juu. Hasara nyingi za tambarare hutokea pale hesabu hizo mbili zinapochanganywa.

Bonde hili huanzia Kilimanjaro, wenye kilele cha mita 5,895, na Mlima Meru, likapokea maji ya Upare na Usambara, kisha likamwaga katika Bahari ya Hindi mjini Pangani. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro huzipokea pepo zenye unyevu kutoka baharini, na ukanda wake wa msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukishuka hadi tambarare zinazolizunguka Bwawa la Nyumba ya Mungu na kuelekea Same, mvua hupungua hadi milimita 500 au chini ya hapo, mahali ambapo jua lina uwezo wa kuvukiza maji mara tatu au zaidi ya hayo. Watu wengi bado huamini kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndiyo inayoilisha mito. Mchango wake ni mdogo sana. Kazi hiyo hufanywa na msitu, ambao hunasa mvua na ukungu na kuyaacha maji yazame taratibu katika miamba ya volkano, hadi yatokeze kama chemchemi huku chini, kama zile za Rundugai zinazoingia Mto Kikuletwa hata wakati wa kiangazi.

Joto nalo hubadilika kwa takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za mwinuko. Shamba lililo mita 700 na kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga mlimani) kilicho mita 1,500 hutofautiana kwa karibu nyuzi 5, tofauti inayotosha kuchelewesha mahindi ya juu kwa wiki kadhaa. Mbegu ya muda mrefu inayostawi Kibosho, huko juu mlimani, haina nafasi ya kukomaa tambarare, ambako masika ya Machi hadi Mei mara nyingi hukatika mapema. Kuomba mbegu kwa ndugu wa juu ni uungwana, lakini si njia nzuri ya kuchagua mbegu.

Kuhusu siku ya kupanda, mvua ya kwanza isikuharakishe. Mvua ya milimita 20 huweka karibu lita 80,000 za maji katika ekari moja, lakini juu ya udongo mkavu uliochomwa na jua la Februari kiasi hicho hulowesha tabaka la juu tu, na siku chache baadaye sehemu kubwa huwa imeshapotea hewani. Chimba kishimo cha sentimita 30, chota udongo wa chini kabisa na uufinye kiganjani. Tonge likishikamana, unyevu umefika panapohitajika; likimomonyoka, subiri mvua nyingine. Shamba liwe limetayarishwa kabla, ili siku ya kupanda isipotee kwa kulima. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe pamoja na kipimo hiki: ukitaja mvua za wastani hadi chini ya wastani, mkulima wa tambarare atenge sehemu kubwa zaidi kwa mtama, choroko, kunde na mbaazi, na mahindi yawe ya kukomaa mapema kama Situka M1. Vuli isitegemewe kwa mahindi yasiyo na umwagiliaji.

Mvua ikishaanguka, izuiwe ilipo. Matuta ambayo mifereji yake imefungwa kwa vizuizi vya udongo kila baada ya hatua chache, mabua yaliyoachwa kama matandazo badala ya kuchomwa, na palizi ya mapema hulinda unyevu ambao mfereji hauwezi kuurudisha kwa gharama ndogo kama hiyo. Ugumu upo kwenye mabua, kwa sababu mifugo huyahitaji pia. Basi angalau theluthi yake ibaki shambani, na wafugaji wa jirani wakubaliane nalo kabla ya mavuno.

Maji ya mlimani yatumike kama nyongeza, hasa wakati mahindi yanapochanua, kwa kuwa wiki moja ya kiu wakati huo hupunguza mavuno zaidi kuliko wiki mbili za kiu kabla yake. Mifongo, yaani mifereji ya asili, ya udongo hupoteza maji mengi njiani, hivyo zamu ndefu kwa mashamba yaliyo karibu ina faida kuliko vijito vidogo vinavyopelekwa mbali. Kuchepusha maji ya mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na ni rahisi zaidi kukiomba kupitia jumuiya ya watumia maji. Sheria pia inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kwa mkulima wa Kahe au Mabogini katazo hilo lina faida ya moja kwa moja, maana ndipo mafuriko ya Aprili hupita kwanza.

Katika majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za kushikilia maji) ya tambarare, angalia ukoko mweupe juu ya udongo unapokauka. Ni chumvi na magadi vilivyopandishwa na uvukizi, na kuongeza maji bila njia ya kuyatoa huvizidisha. Chimba mtaro wa kutolea maji upande wa chini wa jaruba kabla ya msimu mwingine, weka samadi iliyooza, na upeleke sampuli ya udongo kwa afisa ugani kabla ya kununua mbolea.