Jinsi ya Kuandika Historia ya Shule Iliyotoweka

Kijiji kikihama, mara nyingi shule yake haifi. Huhamishwa, huunganishwa na ya jirani, au hupata mfadhili mwingine na jina jipya. Ukiiulizia kwa jina moja tu utaambiwa haijawahi kuwapo. Kwa hiyo kabla hujaenda popote, kusanya majina yake yote kwenye karatasi moja: la kijiji, la mto, la kanisa lililoianzisha, na kama ilikuwa shambani, la mzungu mwenye shamba. Huku Nakuru wafanyakazi walimbatiza mzungu jina lao wenyewe, na jina hilo hulikuti kwenye faili lolote. Tafuta nambari ya ardhi, yaani L.R.; ndiyo itakayokupeleka kwenye jina lake la hati.

Angalia pia herufi zilizobaki kwenye vibao vya shule za jirani. DEB ni bodi za elimu za wilaya, kwa hiyo tafuta faili za serikali. FAM ni Friends wa Kaimosi, wamisionari wa Kikweka waliofika mwaka 1902, kwa hiyo anzia kanisani.

Ukifika uwanjani, usitafute kuta. Nyumba ya fito na matope ikishaezuliwa mabati haimalizi misimu mingi ya mvua. Kinachobaki ni miti: mikaratusi au misaipresi iliyonyooka mstari mmoja, ua wa kayaba au mkonge, na kipande cha ardhi kilichosawazishwa kuwa uwanja wa mpira. Kagua shina la kila mti mkubwa kuanzia kimo cha kichwa kwenda juu. Kengele ilikuwa kipande cha reli au rimu ya lori iliyotundikwa kwa waya, na waya huo humezwa na gome ukaacha kovu kama mshipi. Mti wa kengele ukiupata, ofisi haikuwa mbali. Chunga mahali majani yanapostawi kwa duara dogo: huenda ni choo cha shimo, na udongo wake bado hudidimia. Pima msingi kwa futi kamba ya mita 30, watu wawili, pande zote nne pamoja na pembe kwa pembe. Usichimbe, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka leseni.

Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 huonyesha shule kwa herufi Sch. Milimita moja ni mita 50 ardhini, hivyo alama yenyewe si sahihi kwa hatua. Lakini kosa linalowapoteza wengi ni jingine: ramani hizo zinatumia mfumo wa viwianishi (namba za mahali) uitwao Arc 1960, simu yako inatumia WGS84, na tofauti yake hapa kwetu ni karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Badilisha mfumo kwenye programu ya simu kabla ya kusoma viwianishi, la sivyo utapima shamba la mtu mwingine.

Wazee waulizwe mapema, maana faili zitakungoja. Usimwulize mzee "mwaka gani?" Atakupa mwaka ili akuridhishe. Mwulize alifanya mtihani gani. Akisema alichujwa darasa la nne, huyo ni wa miaka ya 1950 au mwanzo wa 1960. Akisema alikaa na wenzake wa kwanza kufanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ni 1985. Alikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni? Basi ni kuanzia 1979. Darasa lilijaa ghafla hadi watoto wakaketi sakafuni? Pengine ni 1974, karo ilipofutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Kando ya ziwa, Kisumu hadi Budalang'i, uliza mvua za Uhuru: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 na kufukuza watu ufuoni. Mashambani Nakuru, uliza Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati familia nyingi za maskwota wa Kikuyu, yaani vibarua walioishi kwenye mashamba ya wazungu, zilipoondolewa na shule huru za Waafrika zikafungwa. Maskwota wa Olenguruone walishafukuzwa kabla, 1949 na 1950. Saa moja kwa mzee mmoja inatosha; ukipitisha hapo anachoka na kuanza kukubali kila unachosema.

Kwenye Nyaraka za Kitaifa za Kenya, Moi Avenue Nairobi, omba faili kwa majina ya utawala wa wakati ule. Kakamega ilikuwa North Kavirondo, kisha North Nyanza kuanzia 1948. Faili za mkuu wa mkoa wa Nyanza huanza na PC/NZA, za wilaya ya Nakuru DC/NKU. Soma ripoti za mwaka kwanza. Faili za elimu zenyewe zimejaa barua za mishahara na madawati.

Rejista ya kuandikisha wanafunzi, ambayo ndiyo hazina, huwa haiko Nairobi. Hurithiwa na shule iliyopokea watoto, na aghalabu iko kabatini kwa mwalimu mkuu, chini ya vitabu vya mahudhurio. Tazama safu ya mwisho, sababu ya kuondoka. Majina thelathini yakiandikwa "amehama" ndani ya wiki moja, umepata tarehe kijiji kilipoondoka. Piga picha kila ukurasa pamoja na nambari yake, ila usichapishe majina ya walio hai bila idhini yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu.