Jinsi ya kuipima protini ya IRF3 iliyoamshwa bila kuipoteza fosfeti yake

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyofanya na mwanafunzi wa uzamili katika maabara moja hapa Dar es Salaam, aliyekuwa akichunguza namna seli za mapafu zinavyopambana na virusi. IRF3 ni protini ya seli inayowasha kinga dhidi ya virusi, nayo huamshwa kwa kupachikwa fosfeti. Kipimo ni westan bloti ya kawaida, yaani protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hutambuliwa kwa kingamwili. Ugumu wake uko kwenye fosfeti, ambayo hutoweka upesi huku protini yenyewe ikibaki.

IRF3 ina amino asidi 427. RNA ya virusi ikinaswa na vipokezi vya ndani ya seli, RIG-I au MDA5, taarifa hupitia protini ya MAVS iliyo juu ya mitokondria hadi kwenye kimeng'enya TBK1, ambacho huipachika IRF3 fosfeti. Hapo IRF3 huungana mbili mbili, huingia kwenye kiini na kuiwasha jeni ya interferoni beta, protini ya kupambana na virusi. Sisi tunaitafuta fosfeti ya serini ya 396.

Hatua ya 1: Kuamsha seli. Panda seli za mapafu aina ya A549 kwa idadi iliyo sawa katika kila kisima, kisha ingiza poli I:C, yaani RNA ya kutengenezwa inayoigiza ya virusi, kwa kutumia lipidi za kuibeba. Ukiimwaga tu kwenye chakula cha seli, huenda ikapokelewa na TLR3, kipokezi kingine cha RNA, ambayo haipitishi taarifa kwa MAVS. Kisima kimoja kipe lipidi pekee, kiwe cha kulinganishia.

Hatua ya 2: Kuvunja seli. Hapa ndipo kazi za wengi huharibikia. Seli zikishatoka kwenye inkubeta, vimeng'enya vyake vinavyong'oa fosfeti havisubiri, na katika joto la Februari barafu iliyo ndani ya ndoo huwa imegeuka maji kabla hujamaliza kukwangua sahani ya pili. Wengi hutumia bafa baridi yenye dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo. Ukiichagua njia hiyo, hakikisha ina floridi ya sodiamu na beta-gliserofosfeti, kwa kuwa vanadeti, dawa nyingine ya aina hiyo, peke yake hulinda hasa fosfeti za tairosini, nasi tunashughulika na serini. Mimi napendelea bafa ya SDS (sabuni kali) iliyochemshwa hadi nyuzi 95: mwaga chakula chote, mimina bafa ya moto moja kwa moja juu ya seli, kwangua, kisha chemsha tena kwa dakika 5. Mchanganyiko utavutika kama mlenda kwa sababu ya DNA. Upitishe mara kadhaa kwenye sindano nyembamba hadi udondoke tone kwa tone. Fahamu kwamba bafa hii huvuruga vipimo vya kawaida vya kiasi cha protini, na ndiyo maana nimesisitiza idadi sawa ya seli tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Jeli na kuhamishia kwenye utando. Fanya kama ulivyozoea.

Hatua ya 4: Kingamwili. Usizibe utando kwa maziwa, kwani kaseini yake imejaa fosfeti na inaweza kuuchafua utando. Tumia albamini ya ng'ombe ya asilimia 5 katika TBS (bafa ya chumvi) yenye sabuni ya Tween. Sampuli zile zile zipitishe kwenye jeli mbili, moja ya IRF3 yenye fosfeti na nyingine ya IRF3 yote. Sipendi kuvua kingamwili na kuutumia tena utando ule ule, kwa sababu protini nayo hupungua.

Hatua ya 5: Kusoma. Tafuta mstari karibu na kilodalton 50. IRF3 yote ionekane katika visima vyote, na yenye fosfeti ionekane palipo na poli I:C. Ikikosekana kabisa ilhali IRF3 yote ipo, pima kwanza RNA ya interferoni beta katika seli zilizoamshwa siku hiyo hiyo: ikiwa imepanda, seli ziliamka na fosfeti ilipotea katika hatua ya 2, ikiwa haikupanda, rudia hatua ya 1 kwa lipidi mpya.