Namna ya kulisoma Bonde la Wright, Antaktika, kwenye ramani

Ramani ya dunia ya ukutani haitakufaa. Inaivuta Antaktika mpaka inabaki utepe mweupe chini ya karatasi. Fungua ramani ya setilaiti, iweke katika umbo la tufe, na utafute picha ya Desemba au Januari. Juni huko jua halichomozi kabisa.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huwa naanza nao Kisiwa cha Ross, kwenye Erebus, volkano hai yenye urefu wa mita 3,794. Ukivuka mlangobahari kwenda magharibi utakutana na safu ya milima ya Transantarctic, na katikati ya weupe utaona madoa ya kahawia. Ni mabonde makavu. Milima imeizuia barafu ya bara isishuke, na upepo mkavu unafuta theluji kidogo inayoanguka. Bonde la Wright ndilo la katikati, kati ya Taylor na Victoria.

Angalizo: kwenye ramani ya duara yenye Ncha ya Kusini katikati, eneo hili huangukia upande wa chini, na kaskazini inatazama chini. Jua mara nyingi hupiga kutoka kaskazini, kwa hiyo macho hudanganyika na bonde likaonekana mgongo. Igeuze picha juu chini, utaona mabonde yanazama.

Sasa fuata Mto Onyx, ule uzi mwembamba. Karibu kila mwanafunzi huuchorea mshale wa kwenda baharini. Hapana! Unaanzia kwenye barafu iliyo upande wa pwani na kuingia bara, kama kilomita 30, wakati wa kiangazi tu, hadi Ziwa Vanda (77.5 kusini, 161.6 mashariki). Ziwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupotelea hewani. Juu lina barafu ya mita tatu hivi mwaka mzima, lakini chini kabisa, zaidi ya mita 70, maji yana nyuzijoto kama 25. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, hayapandi, basi joto la jua linanasa humo.

Magharibi ya Vanda bonde linagawanyika. Shika tawi la kusini, kuza picha sana: kidimbwi cha Don Juan hakifiki hata goti kwa kina, na kwa chumvi yake huganda kwa nadra mno. Kimeitwa hivyo kwa marubani wawili wa helikopta, Don Roe na John Hickey.